Na Sisi Ambao Hatutashinda Mbio, Tucheze Wapi?

Kuna sigara inaitwa Sportsman. Yaani mwanamichezo. Imekuwa kwenye vibanda vya Kenya tangu wengi wetu hatujazaliwa, na kichwa cha farasi kwenye pakiti. Hapa Eldoret, mji unaojiita nyumbani kwa mabingwa, huhitaji hata kununua pakiti. Unatoa sarafu zilizobaki baada ya nauli ya matatu, unapewa moja, na kiberiti cha gesi kiko pale kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda ili wateja wasiende nacho. Unawasha, unaenda zako. Mwanamichezo kwa rejareja, katikati ya mji wa wanamichezo, na hakuna anayecheka kwa sababu tumezoea.

Kila ikikaribia tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, wakubwa hutukumbusha dawa ya hii shida. Michezo. Sanaa. Mazoezi. Kijana mwenye mpira mguuni hana nafasi ya fegi mkononi, ndivyo wanavyosema, na mimi sina ubishi na hilo hata kidogo. Ubishi wangu ni na kile wanachokileta wakishasema hivyo. Wanaleta siku moja, halafu wanaiita programu.

Unaijua hiyo siku. Spika zinafungwa saa mbili asubuhi, mgeni wa heshima anafika saa saba. Kuna hema la wakubwa lenye maji ya chupa na viti vilivyovalishwa vitambaa, na jua la bure kwa wengine wote. Timu nane zinacheza mtoano wa dakika ishirini ishirini kwa sababu muda umeliwa na hotuba. Wasichana wanapewa netiboli ya haraka haraka wakati watu wanapanga laini ya chakula. Kuna skiti: kijana anashika sigara dakika ya pili, dakika ya tano anamwibia mamake, dakika ya nane amekufa, na mchungaji anamalizia na maombi. Kuna tishati nyeupe zenye maneno ya kukataa dawa za kulevya mgongoni na nembo za wafadhili kifuani. Washindi wanapata mbuzi na kombe. Jumatatu spika zimerudi kwa mwenyewe, nyavu zimetolewa golini, na yule kijana wa miaka kumi na tano aliyecheza winga ya kushoto amekaa palepale alipokuwa amekaa Ijumaa, karibu na kibanda.

Nishawahi kulipwa kuandika ripoti ya siku kama hiyo. Mimi huandika chochote kinacholipa. Niliacha chuo bila cheti, na sentensi ndizo hulipa kodi yangu ya nyumba. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kujaza idadi ya vijana waliofikiwa. Nikauliza, tunaijuaje hiyo idadi? Nikaambiwa nihesabu tishati zilizotoka. Fomu haikuwa na sehemu ya kuuliza ni wangapi kati ya hao watakuwa hawavuti miezi sita baadaye, na hakuna mtu aliyepangiwa kurudi kuuliza.

Na shida yenyewe si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa tumbaku na vijana wa 2013 ulipata kwamba karibu asilimia 10 ya wanafunzi wa Kenya wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Mwaka uliofuata, utafiti wa watu wazima ulihesabu watumiaji milioni 2.5. Marekani, ripoti ya 2014 ya Daktari Mkuu wa Serikali ilionyesha kuwa karibu wavutaji tisa kati ya kumi wa kila siku walijaribu sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18, na wanaoanza baada ya miaka 26 ni wachache mno. Maana yake ni kwamba vita yote iko kwenye miaka michache ya ujana. Ukitazama kwa karibu zaidi, iko kwenye masaa machache ya hiyo miaka: kati ya kengele ya mwisho ya shule na chakula cha jioni, na ile miezi mirefu baada ya Kidato cha Nne wakati hakuna kengele kabisa. Nani yuko na kijana kwenye hayo masaa? Mwenye kibanda yupo kila siku. Sisi tunaenda mara moja kwa mwaka na mbuzi.

Sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kuuza sigara moja moja. Lazima iwe pakiti, na pakiti isipungue sigara kumi. Inakataza matangazo na udhamini. Walioiandika walielewa kitu ambacho waandaaji wa mashindano wanasahau: mtoto hana pesa ya pakiti, ana pesa ya moja. Sigara moja moja ndiyo mlango wa kuingilia watoto. Huo mlango ulipigwa kufuli na Bunge, halafu kufuli likabaki kwenye karatasi. Tembea Uganda Road, ushuke Oloo Street, pitia steji, uingie Langas au Huruma, uhesabu mwenyewe vibanda vyenye pakiti iliyofunguliwa juu ya peremende. Peremende chini, fegi juu. Mtoto anayetumwa sukari anaziona zote mbili kwa urefu wa macho yake.

Najua jibu linalokuja hapa. Mtu atasema: kwani unataka mama wa kibanda afungwe? Sitaki. Yeye anatafuta unga kama sisi wote, na faida ya moja moja ni kubwa kuliko ya pakiti. Askari wa kaunti wakipewa ruhusa ya kumkamata, tunajua watakachofanya: watachukua hongo na kuondoka na sigara mbili. Ninachotaka ni maafisa wa afya ya umma waanze na vibanda vilivyo karibu na milango ya shule, waonye, warudi, waonye tena, na wale wasambazaji wanaoleta mzigo kila wiki waulizwe kwa nini wanauzia mtu ambaye wanajua hauzi pakiti. Mnyororo huu una watu wenye mawakili. Tuanze kuvuta kutoka upande huo.

Sasa turudi kwa michezo, kwa sababu hapo ndipo Eldoret inajidanganya kuliko mji wowote wa Kenya.

Sisi ni mji wa mabingwa. Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka wa 1968 na ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka wa 1972, na uwanja wetu umebeba jina lake. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna kwa saa 1:59:40, huu mji ulisimama. Watu walilia mbele ya skrini. Najivunia hayo yote kama mtu mwingine yeyote wa Sisibo. Lakini hebu tuseme ukweli kuhusu maana ya mbio hapa. Mbio hapa ni kazi. Ni njia ya kutoka, kama vile kwingine watu huenda Gulf. Ukiwa mwepesi unapata kambi, kocha, meneja, viatu, visa. Ukiwa wa kawaida unapata ushauri mzuri kwamba utafute kitu kingine cha kufanya na maisha yako, na una miaka kumi na sita.

Nimeona vijana wakiacha kukimbia sawa na vile mtu huacha kazi. Hakuna anayewaambia: endelea tu, kwa raha yako, kwa sababu mwili unapenda. Raha si sababu inayotambulika. Tangu 2018 tuna Eldoret City Marathon, na zawadi ya mshindi imekuwa hadi shilingi milioni 3.5. Ni mashindano mazuri na hela nzuri kwa anayeshinda. Sasa angalia kando ya barabara siku hiyo. Wale maelfu wanaopiga makofi, vijana wa Kapsoya, Munyaka, Kimumu, wale ambao hawatawahi kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, ndio ambao programu ya kuzuia sigara ingepaswa kuwatafuta. Bingwa hahitaji kuambiwa asivute. Mshahara wake umeshamwambia. Anayehitaji mpango ni yule atakayemaliza wa arobaini, na mji wetu wote umejengwa kana kwamba wa arobaini hayupo.

Hata huo uwanja. Ukarabati wa uwanja wa Kipchoge Keino ulipigiwa debe kwa sababu Kenya ilikuwa iandae mashindano ya CHAN ya 2018. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya mashindano kwa sababu hatukuwa tayari, na ukarabati ukakwama kwa miaka. CHAN ikaja kufika Kenya Agosti 2025, pamoja na Tanzania na Uganda, na mechi zetu zikachezwa Nairobi. Mtoto aliyekuwa darasa la sita wakati ujenzi ulipoahidiwa alikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho wakati timu zilipokuja. Katikati ya hapo, mwanzo na mwisho wa ujana wake wote, kibanda hakikufungwa hata siku moja kwa ukarabati.

Lakini niseme wazi, hata tungepata viwanja kumi kesho, mpira wenyewe si chanjo. Mwaka wa 2015, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha takwimu za wanafunzi wa sekondari: wanaocheza kwenye timu walikuwa wanavuta kidogo kuliko wenzao, sawa, lakini walikuwa wanatumia zaidi tumbaku isiyo na moshi. Uingereza, utafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough na chama cha wanasoka wa kulipwa, uliotoka 2024, ulipata karibu mchezaji mmoja kati ya watano anatumia snus au vijifuko vya nikotini, wanaume kwa wanawake. Hao ni watu wanaopimwa damu, wanaopikiwa chakula na wataalamu, wanaolipwa kuwa na afya.

Kwa nini? Kwa sababu kampuni zilisikiliza hotuba ya kocha vizuri kuliko sisi. Kocha wa kizamani ana hotuba moja: ukivuta, mapafu yataisha, hutamaliza dakika tisini. Kijana mwenye kijifuko chini ya mdomo anaisikiliza kwa heshima zote, kwa sababu yeye havuti. Hakuna moshi, hakuna harufu kwenye sare, kopo linaingia mfukoni kama la peremende, na kuna ladha ya minti. Nikotini ni ileile. Inashika ubongo wa kijana ule ule ambao bado unakua hadi kama miaka 25.

Kenya tulionja hii mapema. BAT ilileta vijifuko vya Lyft hapa 2019, vikasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Oktoba 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo haukufuata sheria na bidhaa ikasimamishwa. Baadaye ikarudi kwa jina la Velo. Na ukiwa shabiki wa Formula 1, hilo jina ushaliona kwenye magari ya McLaren, ambao wamekuwa washirika wa BAT tangu 2019. Si jambo geni. Colin McRae alishinda Safari Rally hapa kwetu mwaka wa 1997 akiwa na Subaru, timu iliyobeba namba kubwa za 555, na 555 ni sigara. Babako alidhani ni namba ya gari tu. Kwa hivyo wakati sisi tunabishana kama michezo inaweza kupigana na tumbaku, tumbaku ilishaingia kwenye michezo zamani, ikakaa kiti cha mbele.

Basi kama mpira si chanjo, kinachozuia ni nini? Nitakuambia ninachoamini, halafu nikuonyeshe ushahidi. Kinachozuia ni mtu mzima anayejua jina lako, anayekuona mara nne kwa wiki, na atakayekupigia simu usipotokea. Mpira ni kisingizio cha kuwa naye. Ngoma ni kisingizio. Ndondi, sarakasi, kuimba, kuigiza, kuinua vyuma kwenye jimu ya mabati yenye saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, zote ni visingizio vizuri. Kijana hujiunga kwa sababu ya mchezo na hubaki kwa sababu kuna mtu angegundua akiondoka. Hilo huwezi kulifanya kwa siku moja, hata ukileta mbuzi watatu.

Ushahidi uko Iceland. Mwaka wa 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa mwezi uliopita, na asilimia 23 walikuwa wanavuta kila siku. Kufikia 2016, walevi walikuwa asilimia 5 na wavutaji wa kila siku asilimia 3. Walifanyaje? Hawakuchapisha tishati. Waliwauliza wanafunzi wote maswali yaleyale mara kwa mara, wakarudisha majibu shuleni na mitaani, watu wakajiona. Waliweka michezo, muziki na densi baada ya shule, ikiongozwa na watu wanaolipwa. Reykjavik ikawapa wazazi kadi yenye pesa ya kila mwaka kwa kila mtoto, ya kulipia klabu au darasa la sanaa, ili mtoto wa maskini asisimame nje ya uzio. Na pembeni ya hayo yote walikaza sheria: umri wa kununua tumbaku, matangazo, masaa ya watoto kuwa nje usiku. Michezo na sheria vilienda pamoja, kwa miaka ishirini.

Ndiyo, najua. Iceland ni nchi tajiri yenye watu wachache kuliko kaunti yetu. Sisemi tunakili bajeti. Nasema tunakili mambo matatu ambayo hayahitaji theluji: kila siku, bure, na kuhesabu kitu cha maana.

Sanaa nayo inahitaji kuokolewa kutoka kwa watu wanaoipenda sana. Programu nyingi zinamtafuta msanii wa mtaa zikiwa tayari na maneno. Dogo anarap vizuri, ana mistari ya kodi ya nyumba, ya polisi, ya msichana aliyemwacha kwa mtu wa bodaboda mpya. Anaambiwa: tuandikie moja ya sigara ni mbaya. Anaandika, kwa sababu kuna soda na nauli. Mbogi yake inamcheka, na wana haki, maana huo wimbo hata yeye hauamini. Wanadhani sanaa inafanya kazi kwa ujumbe wake. Inafanya kazi kwa mazoezi yake. Kijana mwenye mazoezi ya tamthilia Jumanne na Alhamisi, aliye na mistari ya kukariri na wenzake wanaomngoja, hata tamthilia ikiwa ya mapenzi ya kuku na bata, ana masaa sita kwa wiki ambayo hayako karibu na kibanda. Mpe chumba chenye paa na taa. Mambo ya kusema atayatafuta mwenyewe.

Ila hapo ndipo wakubwa huogopa, kwa sababu akitafuta mwenyewe anaweza kupata kitu kisichowapendeza. Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wa Echoes of War, ukiwa umeshazuiwa mara moja na kurudishwa na Mahakama Kuu. Kukarushwa vitoa machozi, na wasichana wakaondoka bila kuuigiza. Halafu mwezi uohuo mtu wa serikali anasimama kwenye jukwaa lingine kutuambia vijana tujihusishe na sanaa ili tuepuke uraibu. Sanaa gani hiyo? Ile ya dakika nane, kijana akifa na mchungaji akimalizia?

Tukifika kwa pesa, mtu atasema hakuna. Ipo, na ina jina. Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 zinawataka watengenezaji na waagizaji walipe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao za tumbaku kila mwaka kwenye Hazina ya Kudhibiti Tumbaku. BAT ilizipinga kanuni hizo kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa. Kampuni haipigani miaka yote hiyo kwa pesa ya njugu. Hiyo hazina iliundwa na Bunge kwa ajili ya utafiti, kuelimisha watu na kuwasaidia wanaotaka kuacha. Mimi nimeishi hapa, nimetembea mitaa hii kwa miguu kwa sababu mara nyingi sina nauli, na sijawahi kuona uwanja, chumba wala kocha anayesema analipwa na hiyo asilimia 2. Wizara ichapishe imekusanya kiasi gani na kimeenda wapi, wadi kwa wadi. Tusiombwe tuamini tu.

Na kaunti isijifiche nyuma ya Wizara. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kwenye orodha ya kazi za kaunti utakuta michezo, shughuli za utamaduni na vifaa vyake. Ukiendelea kushuka orodha hiyohiyo utakuta udhibiti wa dawa za kulevya. Uwanja, jukwaa na vita dhidi ya uraibu vyote viliwekwa kwenye ofisi moja, ya gavana. Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji na tukapigiwa vigelegele. Jiji ni nini kama mtoto wa Huruma hana mahali pa kupiga mpira saa kumi na moja jioni bila kufukuzwa na mwenye ploti?

Kuna pingamizi moja zaidi nataka kuijibu, kwa sababu inatoka kwa watu wetu wenyewe. Husema: hawa vijana hawana kazi, wape kazi, mambo ya ngoma na mazoezi ni kupaka rangi nyumba inayoungua. Naielewa. Mimi mwenyewe siajiriwi na mtu. Lakini angalia umri tena. Sigara ya kwanza inakuja kabla ya kazi, wakati mtu bado yuko darasani na hatakiwi kuwa na kazi. Ukingoja uchumi upone ndipo umfungulie mtoto uwanja, atakuwa amevuta miaka kumi. Na nikotini ni kodi inayokatwa kwa maskini kila siku, moja asubuhi, moja baada ya chakula, mbili jioni. Ukiijumlisha kwa mwezi, watu wengine wanalipa kibanda karibu sawa na wanavyomlipa mwenye nyumba. Aliyeshikwa tayari naye asitupwe nje ya hesabu: laini ya NACADA, 1192, hupigwa bure, na klabu yoyote ya maana ingekuwa na hiyo namba ukutani na kocha asiyekufukuza kwa kunusa mfuko wako.

Hivi ndivyo ningetaka, kwa udogo wake. Wadi moja ianze, chukua Langas. Uwanja mmoja ufunguliwe kila siku kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, na taa. Makocha wawili, mmoja mwanamke, walipwe mshahara mwisho wa mwezi kama karani yeyote wa kaunti. Masaa ya wasichana yaandikwe ukutani na yaheshimiwe. Chumba kimoja cha mazoezi ya muziki na maigizo, bila mtu kuomba kusoma maneno kwanza. Hakuna majaribio ya kuchagua wenye kipaji, anayekuja anacheza. Vibanda vilivyo karibu na shule za wadi hiyo visiuze moja moja, na afisa wa afya apite kila wiki. Mwanzo wa mwaka, waulize wanafunzi wa hapo kwa siri wanatumia nini. Mwisho wa mwaka, waulize tena. Chapisha majibu yote mawili, hata yakiaibisha. Kisha nenda Huruma.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Kabla ya hapo mashindano yatakuwa mengi hapa, kila mgombea na kombe lake, na tishati zitatosha hata kufagilia nyumba. Nenda, cheza, kula mbuzi wao. Halafu kipaza sauti kikifika kwako, muulize mgombea maswali matatu mbele ya watu wote. Huu uwanja utakuwa wazi Jumatatu saa kumi? Kocha analipwa na nani, na shilingi ngapi? Na yule mwenye kibanda hapo nyuma ya hema lako, anauza moja kwa pesa ngapi? Hilo la mwisho usingoje alijibu. Mtume mpambe wake mmoja akanunue, mkiwa mnamtazama.